Marekani ikiingia kwenye mdororo, soko la hisa litashuka kwa asilimia ngapi?

Kapu la Hisa (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuniandikia pembeni swali lilelile: "Wachambuzi wanasema Marekani inaelekea kwenye mdororo wa uchumi. Soko litashuka kwa asilimia ngapi, ili nisubiri chini kabisa ndipo nibebe mzigo?" Wengi wao wamenunua kwa simu vipande vya mifuko inayofuata S&P 500, ile fahirisi (kipimo cha bei za hisa) ya kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, na hela waliyoweka si ya mchezo. Nimeona nifungue uzi tujadili hadharani badala ya kujibu mmoja mmoja.

Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kubisha ajiandae: ukubwa wa mdororo haukwambii ukubwa wa anguko la soko.

Tuanze na rekodi. Kati ya 1969 na 2020 NBER, taasisi ambayo kamati yake ya wachumi ndiyo inayotamka rasmi kwamba Marekani iko kwenye mdororo, imehesabu midororo minane. Anguko la S&P 500 lililoandamana na kila mmoja, kutoka kilele hadi chini kabisa, ni takriban hivi:

1968–70: asilimia 36
1973–74: asilimia 48
1980: asilimia 17
1980–82: asilimia 27
1990: asilimia 20
2000–02: asilimia 49
2007–09: asilimia 57
2020: asilimia 34

Ukipiga wastani unapata 36. Sasa linganisha uchumi wenyewe ulivyokuwa.

Mdororo wa 1981–82 ulikuwa mkali kwelikweli. Paul Volcker pale Benki Kuu ya Marekani alikuwa ameibana riba mpaka ikakaribia asilimia 20 ili kuua mfumuko wa bei, viwanda vikafungwa, ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Soko likashuka asilimia 27 tu. Njoo 2001: mdororo wa miezi minane, mwepesi kiasi kwamba Pato la Taifa lilitikisika kidogo tu. Soko likapoteza karibu nusu, na Nasdaq, yenye kampuni za teknolojia, ikapoteza asilimia 78.

Halafu 2020. Robo ya pili ya mwaka ule uchumi wa Marekani ulianguka kwa kasi ambayo haijaonekana tangu waanze kuweka hesabu hizo kwa robo mwaka. Ukimwonyesha mtu takwimu zile peke yake, bila kumtajia mwaka, atakwambia soko limekwisha. Lilishuka asilimia 34 kati ya 19 Februari na 23 Machi, na kufikia Agosti mwaka huohuo lilikuwa limevuka kilele cha zamani.

Anayetaka kituko zaidi aangalie 1945. Vita inakwisha, viwanda vya silaha vinafungwa, Pato la Taifa linaporomoka, NBER inaandika mdororo, na soko la hisa mwaka ule lilipanda.

Karibuni.

Fundi Saa

Nimechukua siti ya mbele. Chai ya maziwa na mhogo vipo.

Mpiga Debe Mstaafu

Mkuu, umeandika vizuri lakini naona unazunguka mbuyu. Wewe mwenyewe umesema wastani ni 36. Basi si nisubiri soko lishuke 36 ndipo niingie? Mambo mengine haya ya Volcker sijui nani yanatusaidia nini sisi wa Tegeta?

Kapu la Hisa

Mzee wangu, ungefuata kanuni hiyo, katika midororo minane ungenunua mara nne. Miwili ya mwanzo wa miaka ya 80, wa 1990 na wa 2020 usingeiona bei yako, na soko lingekuacha kituoni na debe lako. Katika ile minne mingine ungenunua, kisha mwaka 2008 ungekaa ukiangalia hela yako inashuka tena theluthi nzima kutoka pale uliponunulia. Wastani wa vitu vinane vinavyotofautiana kutoka 17 hadi 57 hauna kazi ya kumwambia mtu anunue lini.

Cha maana ni kujua anguko linatengenezwa na nini. Bei ya hisa ina pande mbili: faida ambayo kampuni inapata kwa kila hisa, na kiasi ambacho watu wako tayari kulipa kwa kila shilingi moja ya faida hiyo. Hicho cha pili sokoni wanakiita P/E. Tuseme faida ni 5, watu wanalipa mara 20, bei ni 100. Mdororo unakuja, faida inashuka kwa moja ya tano, inakuwa 4. Watu wakiendelea kulipa mara 20, bei inakuwa 80. Wakiogopa na kulipa mara 15, inakuwa 60. Wakiamini shida ni ya muda na riba imeshuka, wanaweza hata kulipa mara 22, bei ikawa 88. Kampuni zilezile, mdororo uleule, faida ileile. Anguko ni asilimia 12, au 20, au 40.

Kwa hiyo anayetabiri anguko anatabiri vitu viwili, na cha pili kinakaa kwenye vichwa vya watu.

Mfano ninaoupenda ni 1973–74. Bei ya mafuta ilipanda mara nne baada ya vita vya Oktoba 1973 kule Mashariki ya Kati, mfumuko wa bei Marekani ukavuka asilimia 12. Lakini faida za kampuni za S&P 500, kwa dola za kuhesabu (bila kuondoa mfumuko wa bei), mwaka 1974 hazikushuka kwa jumla; zilikuwa juu kidogo kuliko 1973. Anguko karibu lote la asilimia 48 lilitoka kwenye upande wa pili: watu walikuwa wanalipa mara 18 hivi, wakaishia kulipa mara 7. Aliyekuwa ametabiri faida kwa usahihi kabisa bado angepoteza nusu ya hela yake.

Mwaka 2008 ilikuwa kinyume. Faida zilizotangazwa ziliyeyuka, hasa za mabenki yaliyokuwa yanafuta mikopo ya nyumba. Zilibaki kidogo mno kiasi kwamba mwanzoni mwa 2009, soko likiwa chini kabisa, P/E ya miezi 12 iliyopita ilivuka 100. Yaani siku ambayo hisa zilikuwa za kutupa, kipimo kilikuwa kinapiga kelele kwamba ni ghali kupindukia.

Ndiyo maana Robert Shiller wa Chuo Kikuu cha Yale akapendelea kugawanya bei kwa wastani wa faida za miaka 10, zikiwa zimerekebishwa kwa mfumuko wa bei. Kwa kipimo chake, kabla ya anguko la 1929 soko lilikuwa juu ya 30, mwaka 2000 lilikuwa karibu 44, na Agosti 1982 lilikuwa chini ya 7. Hapo utaona kwa nini 1982 na uchumi wake mbovu haikuanguka sana: ilianza ikiwa rahisi tayari, hapakuwa na pa kuangukia. Mwaka 2000 ilianza juu ya dari.

Lakini usikimbilie kipimo hicho kama saa. Alan Greenspan, wakati huo mkuu wa Benki Kuu ya Marekani, alitoa onyo lake maarufu kuhusu shamrashamra zisizo na akili sokoni tarehe 5 Desemba 1996. Siku hiyo S&P 500 ilifunga kwenye 744. Aliyemsikiliza akauza akasubiri, alisubiri karibu miaka sita. Anguko alilolitabiri lilikuja kweli, na lilikuwa la kutisha, asilimia 49. Chini yake kabisa, Oktoba 2002, ilikuwa 776. Alitabiri sawasawa na bado bei ilikuwa juu ya ile aliyouzia.

Njoro254

Naunga mkono kutoka Nairobi, na niongeze kwamba hapa kwetu mdororo wala hauhitajiki ili soko lianguke.

NASI, ile fahirisi ya hisa zote za NSE (soko la hisa la Nairobi), ilifunga 2021 ikiwa 166. Ikafunga 2023 ikiwa 92. Hiyo ni asilimia 45 imeenda ndani ya miaka miwili. Safaricom ilikuwa imekaribia shilingi 45 Agosti 2021, mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 14. Sasa uliza uchumi wa Kenya miaka hiyo ulikuwaje. Ulikua kwa takriban asilimia 5 mwaka 2022 na zaidi kidogo 2023. Safaricom yenyewe haikuacha kupata faida wala kulipa gawio.

Kilichotokea ni kwamba Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mpaka juu ya 5, wawekezaji wa kigeni wakaona heri warudishe dola nyumbani. Huku kwetu wao ndio walikuwa wanashikilia mzigo mkubwa wa hisa zinazouzwa kila siku, na Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote. Wakianza kuuza, nani wa kununua? Juu ya hapo dola zilikuwa hazipatikani, mtu anauza hisa leo na hela yake haitoki nchini kwa wiki kadhaa, basi wengine wakaogopa zaidi. Na kulikuwa na ile Eurobond (deni la serikali kwa dola kutoka masoko ya nje) ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni 2024, kila mtu anauliza serikali italipa na nini. Shilingi ikafika 160 na ushee kwa dola mwanzoni mwa 2024.

Februari 2024 serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 kulipia sehemu ya deni lile, na ndani ya wiki chache shilingi ikarudi kwenye 130 na kitu. Mwaka huo NASI ikapanda kwa kama theluthi. Hakuna mchumi aliyekuwa anachora Pato la Taifa ambaye angekuonyesha anguko lile wala kupanda kule. Ulitakiwa uangalie riba ya Marekani na kalenda ya madeni.

Kapu la Hisa

Njoro, hii ungeifungulia uzi wake kabisa. Na ni jibu kwa wale wanaoniuliza "Marekani ikidorora sisi inatuhusu nini". Inatuhusu kupitia mfuko wa mzungu. Akibanwa kwao anauza kwanza kile cha mbali ambacho hakijui vizuri. 2008 NSE 20, fahirisi ya kampuni 20 za soko la Nairobi, ilipoteza zaidi ya nusu kufikia Machi 2009, ikiwa imebeba vurugu za baada ya uchaguzi na msukosuko wa dunia kwa pamoja. Wengi waliojipanga foleni kununua Safaricom kwa shilingi 5 mwaka ule wanakumbuka ilishuka mpaka chini ya 3.

Mangi Mdogo

Mimi niko DSE tu, soko la hisa la Dar es Salaam, sina Marekani. 2020 dunia nzima inalia, mimi bei za hisa zangu hazikutikisika hata senti. Hisa za TBL zimekaa Sh 10,900 muda mrefu mpaka nikaanza kuikariri hiyo namba. Kwa hiyo soko letu ni salama kuliko lao?

Kapu la Hisa

Mangi, bei isiyotikisika si lazima iwe bei salama. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna biashara iliyofanyika. DSE wengi wetu tunanunua na kuweka, wachache wanauza, na hisa kadhaa zinaweza kukaa muda bila mkono kubadilishana. Bei unayoiona ubaoni ni ya mara ya mwisho mtu alipokubaliana na mwenzake. Ukitaka kujua thamani yako siku ya shida, mpigie dalali wako umwambie unataka kuuza hisa 20,000 wiki hii, usikie atakwambia mnunuzi yuko kwa bei gani na atakuja lini. S&P 500 inakuonyesha maumivu kila sekunde kwa sababu kuna mnunuzi kila sekunde.

Hili lina faida yake pia, nakubali. Mtu asiyeona bei ikishuka haendi kuuza kwa hofu saa nane za usiku.

Mpiga Debe Mstaafu

Haya, tumeelewa. Lakini kuna kile kipimo cha riba za hati fungani (hati za mkopo) za serikali ya Marekani, za muda mfupi zikizidi za muda mrefu basi mdororo unakuja. Hicho nasikia hakikosei. Si tukitumie kujua tutoke lini?

Kapu la Hisa

Kilikuwa na sifa nzuri kweli, kiligeuka kabla ya midororo mingi ya baada ya vita. Kikageuka tena katikati ya 2022, riba ya miaka 2 ikaizidi ya miaka 10, ikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Mdororo uliosubiriwa 2023 haukufika, wala 2024.

Na kuna kisa cha Oktoba 2022 ambacho kila mtabiri angekibandika ukutani. Bloomberg, shirika la habari za fedha, walitoa makadirio ya modeli yao kwamba uwezekano wa Marekani kuingia kwenye mdororo ndani ya miezi 12 ni asilimia 100. Mia kwa mia. Yalitoka tarehe 17 Oktoba. S&P 500 ilikuwa imefika chini yake kabisa tarehe 12 Oktoba, siku tano kabla, ikiwa imeshuka asilimia 25 tangu Januari. Mwaka uliofuata ikapanda asilimia 24.

Soko lenyewe nalo ni mtabiri mwenye papara. Mwaka 1966 mchumi Paul Samuelson alitania kwamba Wall Street imetabiri midororo tisa kati ya mitano iliyotokea. 1987 Dow Jones, fahirisi ya kampuni 30 kubwa za Marekani, ilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja, 19 Oktoba, na uchumi ukaendelea na safari yake. 1962 soko lilishuka zaidi ya robo, mdororo hakuna. 2022 hivyohivyo.

Hata mdororo wenyewe unapokuja kweli, hujui uko ndani yake mpaka umechelewa. NBER walitangaza mdororo wa 2001 tarehe 26 Novemba 2001, na baadaye ikaonekana uliisha mwezi huohuo. Ule mkubwa walitamka tarehe 1 Desemba 2008 kwamba ulianza Desemba 2007: mwaka mzima nyuma. Siku ya tangazo S&P ilifunga ikiwa imeshapoteza asilimia 48 kutoka kilele. Wa 2020 walitangaza 8 Juni, wakati soko limesharudisha karibu hasara yote.

Na kwa kawaida soko hufika chini kabla mdororo haujaisha. Oktoba 1974, mdororo ukaisha Machi 1975. Agosti 1982, ukaisha Novemba. Machi 2009, ukaisha Juni. Anayesubiri habari njema za uchumi ndipo anunue hununua kwa bei ya habari njema. 2001 ndiyo iliyokaidi: mdororo uliisha Novemba 2001, soko likaendelea kushuka karibu mwaka mzima mpaka Oktoba 2002, likiwa na mashambulizi ya Septemba 11 na kashfa za hesabu za kampuni za Enron na WorldCom njiani.

Bint Mvita

Kaka, nimesoma tangu juu na kuna kitu kinanikera. Mifano yako yote ni ya nchi ambayo mwisho wake soko lilirudi. Unamwambia mtu usihangaike na chini ni wapi, kwa sababu chini hupita. Je, Japani? Nikkei, fahirisi ya soko la Tokyo, ilifika 38,915 tarehe 29 Desemba 1989. Ikashuka na kushuka mpaka Machi 2009 ikawa 7,000 na kitu, asilimia 82 imeenda. Kile kilele cha 1989 kilikuja kuvukwa Februari 2024. Miaka 34! Mtu aliyenunua akiwa na miaka 40 alivuka akiwa na 74, kama Mungu alimjaalia.

Na Marekani yenyewe, 1929 Dow ilikuwa 381, Julai 1932 ikawa 41. Ilirudi 381 mwaka 1954. Mbona hiyo umeiruka?

Kapu la Hisa

Dada, 1929 nimeiacha nje ya orodha kwa makusudi, na swali lako ndilo linalonipa nafasi ya kusema kwa nini. Kati ya 1930 na 1933 maelfu ya mabenki ya Marekani yalikufa, na akiba za watu zikafa nayo, kwa sababu bima ya amana ya serikali kuu ilikuwa haijaanzishwa. Benki Kuu iliacha hela ipungue kwenye uchumi. Hapo ndipo mdororo unapogeuka kitu kingine. Hiki ndicho kitu cha tatu ninachokiangalia baada ya faida na P/E: mabenki yana hali gani, na Benki Kuu ina uwezo na nia ya kufanya nini.

Angalia 2020. Tarehe 15 Machi walishusha riba mpaka karibu sifuri, soko likaendelea kuanguka. Tarehe 23 Machi wakasema watanunua hati fungani bila kikomo. Siku ileile ndiyo ikawa chini kabisa. Mwaka 1974 hawakuwa na nafasi hiyo, mfumuko wa bei ulikuwa umewakaba. Kwa hiyo mdororo unaokuja huku mfumuko wa bei ukiwa juu unaniogopesha zaidi kuliko unaokuja huku bei zimetulia, hata kama ajira zinazopotea ni zilezile.

Kuhusu Japani sina la kukupinga. Kilele cha 1989 kilikuwa cha bei za ajabu, za hisa na za ardhi, na mabenki yakakaa na mikopo mibovu miaka mingi bila kuisafisha. Ningeongeza mambo mawili tu. Aliyekuwa ananunua kidogokidogo kila mwezi wastani wake haukuwa 38,915, na gawio halimo kwenye hesabu ya fahirisi. Inapunguza machungu, haiyaondoi. Mtu aliyeweka yote nchi moja mwaka 1989 aliumia, na hakuna kanuni ya asili inayosema Marekani haiwezi kuwa hivyo.

Mpwa wa Ughaibuni

Habari zenu. Niko Houston, nawasoma huwa sichangii. Niseme kidogo cha upande wetu.

Huku mshahara ukikatwa sehemu inakwenda kwenye akiba ya kustaafu na inanunua hisa yenyewe, hupigi hata simu. Mwaka 2008 kila mtu alikuwa anasema sasa hisa ni rahisi, nunua. Wengi wetu tulijua kabisa ni rahisi. Hela ya kununulia ilikuwa wapi? Ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 Oktoba 2009. Waliofukuzwa kazi walikuwa wanauza ile akiba yao ya kustaafu walipe nyumba, wanakatwa kodi na faini juu. Waliokuwa wanatuma hela nyumbani kwa ujenzi walisimamisha ujenzi.

Kwa hiyo hesabu ya "nitanunua ikishuka" inamsahau mtu kwamba siku hiyo ikifika, kazi yake, duka lake na ndugu wanaomtegemea wote watakuwa wanashuka pamoja na soko.

Kapu la Hisa

Mpwa, umeongea kitu ambacho grafu hazionyeshi. Na kwa walio huku nyumbani kuna upande mwingine wa hilo. Dunia ikiogopa, dola hupanda. Kati ya katikati ya 2008 na mwanzo wa 2009 shilingi ya Kenya ilitoka kwenye 60 na kitu mpaka karibu 80 kwa dola. Mkenya aliyekuwa na hisa za Marekani alipoteza karibu nusu kwa dola, lakini kwa shilingi hasara yake ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Aliyekuwa na deni la dola na kipato cha shilingi alipigwa pande zote mbili.

Fundi Saa

Mhogo umeisha na mkuu bado hujatupa namba. Usitufanyie siasa. Ukilazimishwa useme mdororo ujao wa Marekani utashusha soko kwa kiasi gani, utasema nini?

Kapu la Hisa

Haya Fundi, nalazimika. Tuchukue soko linaloanza ghali, watu wanalipa mara 22 ya faida, maana kwa kipimo cha Shiller muda mwingi tangu 2020 tumekuwa juu ya 30 na sioni kwa nini niigize kwamba tunaanzia mahali rahisi.

Mdororo mwepesi, mabenki mazima, Benki Kuu ina nafasi ya kushusha riba: faida inashuka asilimia 15, watu wanashuka kutoka mara 22 hadi 19. Hesabu inatoa anguko la asilimia 27.

Mdororo wa kawaida, hofu ya kutosha: faida inashuka 15 ileile, watu wanalipa mara 17. Asilimia 34.

Mabenki yakiyumba, au mfumuko wa bei ukimfunga mikono mwenye mamlaka ya riba: faida inashuka 30, watu wanalipa mara 13. Asilimia 59.

Ukinibana zaidi nitakwambia naamini ya kati ndiyo yenye nafasi kubwa, ya tatu nafasi ndogo lakini si ya kupuuza, na kuna nafasi nzuri tu kwamba mdororo wenyewe usije mwaka unaousubiri. Namba hizi situmii kuchagua siku ya kununua. Natumia ya tatu, hiyo 59, kuamua niweke kiasi gani kwa ujumla. Nikiweka milioni 10, naandika kwenye daftari milioni 4 na laki moja, naiangalia. Kama nikiiona hiyo namba na bado ada, kodi ya nyumba na matibabu vinalipika kwa miaka mitatu minne bila kugusa, basi kiasi hicho nakiweka na nanunua kila mwezi bila kusoma mtabiri. Kama tumbo linauma, napunguza.

Mpiga Debe Mstaafu

Hapo sasa umeongea. Na ikishuka 20 ikageuka?

Kapu la Hisa

Kama 1990: iligusa asilimia 19.9 tarehe 11 Oktoba, ikageuka, hata ile 20 kamili haikufika. Anayenunua kila mwezi alikuwa ameshapata vipande vyake vya bei nafuu vya miezi miwili mitatu. Wa kusubiri 36 bado angekuwa anasubiri mpaka soko la mwaka 2001.

Mama Twins Mbezi

Samahanini kwa kuingia na swali la kijinga. Nina milioni 3 na nusu, ni ada ya watoto ya Januari. Mdogo wangu ananiambia niiweke kwenye hiyo S&P sasa hivi kwa kuwa imeshuka kidogo, Januari nitoe na faida.

Kapu la Hisa

Si swali la kijinga hata kidogo, dada yangu. Mwambie mdogo wako hapana. Hela yenye tarehe ya Januari haiingii kwenye hisa, za Marekani wala za Dar. Februari 2020 hadi Machi 2020 ni wiki tano tu, theluthi imekwenda. Iweke kwenye mfuko wa ukwasi (unaoweka hela kwenye amana na dhamana za muda mfupi, si hisa) au akaunti ya akiba ambayo unatoa bila masharti, na kabla hujaweka uliza siku ngapi zinapita kuanzia unapoomba kutoa mpaka hela kuingia. Shule haipokei grafu.